Jamu ya Plamu

Apolena ana tetekuwanga. Siku ya nne leo.
Mama yake yuko Brno, zamu ya usiku,
na mimi mjomba nisiyejua hata kupima homa
nimeachiwa chupa ya dawa ya waridi, kompyuta,
na filamu tatu za hadithi moja.

Hadithi yenyewe, huku Moravia, tunayo toka utotoni:
bata bukini anapanda mnara wa kanisa usiku wa baridi,
anaing'oa akrabu ya saa,
anaificha chini ya bawa
ili Novemba kumi na moja isifike,
sikukuu ya Mtakatifu Martini,
siku ambayo kila nyumba mjini
hunukia mafuta ya bukini na kabichi nyekundu.
Kurasa arobaini. Hakuna neno la ziada.

Filamu ya kwanza ni ya vikaragosi, nyeusi na nyeupe.
Bukini wa mbao, jicho lake kifungo cha koti.
Akitembea unasikia kamba zikilia,
na theluji ni unga, unaona kabisa ni unga,
mtu kaupepeta kwa chekecheke ya jikoni kwake.
Apolena akaacha kujikuna.
Mwishoni, ua mtupu. Kamera haiondoki.
Haiondoki.
Unyoya unaning'inia kwenye uzi.
"Imekwama?" akauliza.
Haikukwama.

Ya pili ina rangi kama pipi za gulioni.
Wanaimba wote: mwokaji, padri, nusura na farasi.
Bukini ni bukini kweli, mnene, mwenye hasira,
na ukitazama vizuri ni watatu wanaopokezana,
mmoja ana doa shingoni.
Mwalimu mwenye masharubu anawahutubia wanakijiji
nao wanakula kabichi tupu, wakicheka.
Mimi na dada yangu tuliiona ukumbini, mwaka ule
mitambo ya joto ilipoharibika;
tulipiga makofi ndani ya glavu,
makofi yasiyosikika.
Basi mimi si hakimu hapa. Mapenzi ni kikohozi.

Ya tatu wameitengeneza kwa kompyuta.
Unaweza kuhesabu manyoya, na nadhani wameyahesabu.
Bukini anasema, anasema, kama dalali wa magari,
akrabu inawaka buluu, kuna adui mwenye helikopta.
Nilikuwa nimejiandaa kuichukia.
Lakini pana mahali, labda sekunde kumi,
amesimama juu ya mnara gizani
hana la kusema,
upepo unamlaza manyoya upande mmoja,
nami nikawa na miaka saba tena, na woga wangu wote.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

"Sasa ipi ndiyo ya kweli?"

Nikaenda kabatini, nikaleta kitabu cha baba.
Ukurasa wa thelathini na sita na wa thelathini na saba
umegandana. Jamu ya plamu.
Miaka yote tulidhani ni ajali ya kifungua kinywa.
Baba akifika hapo alifunua tu,
akatoka thelathini na tano akatua thelathini na nane
bila hata kumeza mate,
akasoma kwamba bukini kahamia Přerov
kwa shangazi yake mwenye bwawa.
Přerov haimo kitabuni.
Hata shangazi hayumo.

Nikamwambia: tukitaka, tunaweza kuzibandua
kwa mvuke wa birika.
Akafikiri. Akakuna kipele nyuma ya sikio,
kile kile nilichomkataza.
Tukabandua. Karatasi ikachubuka kidogo,
herufi kadhaa zikabaki upande usio wao.
Mistari minne tu. Meza. Sahani.
Mvulana anayesema hana njaa.

Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Babu alijua kupika bukini?"
Alijua. Kila Novemba, kwa matufaha na kisibiti.
"Na nyinyi mlikula?"
Tulikula.
Alituambia ni bata mzinga.